Jibu: Tangawizi ya Same imetoka ndogo na yenye nyuzi huku Kibaha

Ndugu, pole. Mbegu umetoa Same, milimani kwenye ubaridi na maji ya mifereji, ukaipanda kwenye mchanga na jua kali la Kibaha. Mbegu ni ileile, mazingira siyo.

Anza na udongo: weka samadi iliyooza vizuri, inua matuta, tandaza nyasi kavu juu. Kivuli chepesi, kama cha migomba iliyoachana, kinasaidia sana. Mvua zikikatika, mwagilia; tangawizi ikipata kiu wakati wa kutunga, haitanuki.

Nyuzi zinategemea pia umri. Ya kuuza mbichi ing'oe miezi 6 hadi 7. Ya kukausha subiri 8 hadi 10, ndipo ukali unakolea. Aina za vipande vinene zina uzito mzuri sokoni, ila nyingi zina maji mengi na ukali mdogo. Kwa hiyo muulize mnunuzi kwanza.

Majani yakinyauka yakiwa bado kijani na tunguu (tangawizi yenyewe iliyo chini ya udongo) likanuka, huo ni ugonjwa: usichukue mbegu hapo wala usirudie tangawizi, nyanya au viazi mviringo. Mwite afisa ugani alione shamba.