Kwa wasomaji wapya wa miswada: kalamu nyekundu ziacheni nyumbani

Wiki iliyopita nimepokea ripoti tatu za tathmini kutoka kwenu, wadogo zangu mlioanza kutusomea miswada mwaka huu. Mswada ni mmoja, riwaya ya mapenzi ya enzi za Mjerumani, hapahapa Iringa. Wa kwanza kaorodhesha makosa 43. Wa pili kaandika kwamba mhusika mkuu wa kike "hana uhalisia wa kihistoria". Wa tatu kasahihisha hadi jina la mbwa. Hakuna hata mmoja aliyeniambia kama wale wawili wanapendana. Nikafunga faili, nikaenda kunywa chai. Sasa nimerudi.

1. Mara ya kwanza someni mikono mitupu. Msishike kalamu, msishike simu ya kutafutia tarehe. Ukifika ukurasa wa 60 na bado hujali kama kijana atarudi au atafia porini, hiyo ndiyo habari kubwa ya ripoti yako na ikae mstari wa kwanza. Tarehe hata ziwe sahihi zote hazitamfanya msomaji alie.

2. Treni. Sijui nani aliwaambia waandishi kwamba wapenzi hawawezi kuagana bila honi ya treni. Reli ya Kati ilifika Morogoro 1907, Dodoma 1910, Kigoma 1914, na huku kwetu haikupanda. TAZARA, reli ya kwenda Zambia, ilikabidhiwa 1976 nayo ikapita Makambako na Mbeya, mji wa Iringa ikauacha. Kwa hiyo mkikuta binti wa 1912 anapunga kitambaa "stesheni ya Iringa", wekeni alama. Mtu alitembea. Na kutembea kuna mapenzi zaidi, maana anayekusindikiza kwa miguu unamwona akipungua nyuma yako kilima hadi kilima. Nusu ya waandishi wetu wanaikimbilia treni wakati njia ya miguu wanayo bure.

3. Misimu. Vita ya Lugalo, Wahehe walipowapiga Wajerumani, ilipiganwa Agosti 17, 1891. Wapenzi wakinywa ulanzi mtamu, pombe ya mianzi, uliogemwa asubuhi hiyohiyo, mwandishi kakosea, mianzi inagemwa wakati wa mvua. Vivyo hivyo maua ya nyanda za Kitulo: Julai kule kuna baridi ya kukata masikio, si maua.

Halafu Mkwawa, mtawala wa Wahehe aliyepigana na Mjerumani. Jamani, mwacheni mzee apumzike. Kila mswada wa tatu anatokea sura ya mwisho kuwabariki wachumba. Kalenga, ngome yake, ilianguka Oktoba 1894, na kuanzia hapo hadi alipojiua Julai 1898 alikuwa akiwindwa msitu hadi msitu. Muda wa kusuluhisha ugomvi wa posa angeupata wapi? Hofu yake ienee kitabu kizima kama inafaa, lakini yeye mwenyewe asiingie kwa sababu tu mwandishi amekosa namna ya kumalizia.

4. Fedha. Hapa nikae kidogo, maana hapa ndipo nilipoumbuka.

Miaka kadhaa nyuma nilipewa mswada wa mwalimu mstaafu mmoja wa Mufindi. Mama mtu mzima, mwandiko wa ubaoni, kurasa kazishona kwa uzi. Kisa chake ni hiki: 1917, Waingereza wameshaingia Iringa, kijana anachukuliwa upagazi wa vita. Kabla hajaondoka anamwachia msichana rupia moja ya Mjerumani. Msichana anaigeuzageuza, anamtazama Kaiser aliyechorwa na kofia ya chuma yenye ndege juu yake, anauliza: "Huyu mzungu anafuga kuku kichwani?" Kijana anacheka mpaka anasahau kwamba anakwenda vitani. 1919 anarudi amekonda, haongei na mtu. Msichana hamwulizi chochote. Anafungua pindo la nguo yake, anamwekea ile rupia kiganjani, anasema: "Kuku wako huyu. Nimekutunzia."

Nami nikalisoma hilo nikiwa na kalamu nyekundu mkononi. Nilikuwa na mwaka mmoja kazini na hakuna nisilolijua. Nikawaza, Mwingereza fedha yake ni shilingi, sasa 1919 rupia inatoka wapi? Nikazungushia. Pembeni nikaandika KOSA LA KIHISTORIA, kwa herufi kubwa. Nikaagiza rupia iwe shilingi kitabu kizima, na kwa kuwa shilingi haina mzungu mwenye ndege kichwani, kuku naye aondolewe. Ndiyo, nilikuwa makini kiasi hicho.

Mswada ulirudi na kikaratasi kimebanwa kwa pini: "Mwanangu, bibi yangu alikuwa nayo hii rupia. Niliishika." Nikamjibu kwamba kumbukumbu za wazee huwa zinachanganya mambo. Nilimwandikia hivyo mama wa umri wa kunizaa! Akabadilisha. Mara 31, nilikuja kuhesabu baadaye.

Kitabu kikatoka. Siku ya kukitambulisha, ulipofika muda wa maswali, akasimama babu mmoja kutoka Kilolo. "Kamwene," akasalimia, tukaitikia. Kisha kwa upole kabisa: "Mwalimu, hii shilingi ya 1917 kijana aliitoa wapi? Marehemu baba alikuwa akituambia Mwingereza alikaa miaka hapa watu bado wana rupia." Na kweli, shilingi ya Afrika Mashariki ililetwa 1921. Kabla ya hapo, hata chini ya Mwingereza, rupia ndiyo iliyokuwa ikizunguka. Ningeuliza mtu mmoja tu ningeambiwa.

Nilikuwa mstari wa pili. Nikasubiri kutajwa, jasho linanitoka na ilikuwa Juni, Iringa. Yule mama akarekebisha miwani, akasema, "Ni kosa langu, baba. Niliteleza." Akapokea swali lingine. Nami nikabaki nimekaa. Kutojua shilingi ilikuja lini ni ujinga, na ujinga unatibika. Kile kiti nilichokikalia bado ninacho hadi leo.

Nilimfuata nje kumwomba radhi. Akanikatiza: "Haya ya rupia yamepita. Kuku naye ulimwondolea nini? Kuku hana mwaka."

Sikuwa na jibu. Hajatuletea mswada mwingine.

5. Nilikuwa namba ngapi? Tuseme tano. Tumieni penseli, na badala ya "kosa" andikeni "umejuaje?" Mwandishi akiwa amebuni atajiumauma, akiwa anajua atakuletea bibi yake. Hamwamini mwandishi wala bibi? Makumbusho yapo Boma, hapa mjini, na Kalenga si mbali, nauli mnayo.

6. Lugha. Mmoja wenu kapigia mstari neno "hela" kwenye kinywa cha mtu wa 1891. Kwa hili nakupa pongezi nusu. Ni kweli hela inatokana na heller, sarafu iliyoanza kutumika 1904 rupia ilipogawanywa mara 100, na shule nayo ni Kijerumani. Ila kumbuka yule mhusika anaongea Kihehe, mwandishi ndiye anayetufasiria kwa Kiswahili chetu cha leo. Akisema "sina hela" akimaanisha ni fukara, mwache. Akihesabu heller tano mezani mwaka 1891, hapo ndipo uulize.

7. Hili sitaki mzaha nalo. Mkikuta msichana anakamatwa kwa nguvu sura ya pili, sura ya nne anampenda aliyemkamata, na mwandishi anajitetea kwamba zamani ndivyo ilivyokuwa, msiupitishe. Wasichana kunyakuliwa vitani kulikuwepo, na riwaya ina haki ya kulisema. Lakini hasira ya yule binti mwandishi kaipeleka wapi? Mama yake analala vipi usiku ule? Kama kitabu kizima hakuna anayeuliza, enzi za kale zimetumika kama kanga ya kufunikia uchafu. Kwa upande mwingine, msimdai binti wa 1910 aongee kama mwanafunzi wa chuo wa leo. Ripoti ya pili, nakusema wewe. Binti anayekaa kimya mbele ya wajomba wakihesabu ng'ombe wa mahari, halafu usiku anahamisha mkeka wake upande wa mlango, huyo ameshasema. Rudi ukasome ukurasa wa 88.

8. Wapimeni pia watu wa pembeni. Mwandishi anayempa mke mkubwa jina, maumivu na kazi ya kufanya, kwa kawaida anajua anachokiandika.

Kuna mswada mwingine umeingia, mapenzi ya mchimbaji wa dhahabu Chunya, miaka ya 1930, kurasa 212. Nimeusoma mara moja, mikono mitupu. Kuna mahali mpishi anamficha mchumba wake ndani ya pipa la unga, na sijui kama mapipa ya namna hiyo yalikuwepo kwenye machimbo ya Lupa, hukohuko Chunya, miaka ile. Nimeweka alama ya kuuliza, ndogo. Atakayewahi kufika Jumamosi ataukuta mezani, na chai nimeshalipia.