Manjano yanakuja yanaondoka, chanzo nini?

SWALI: Shikamoo dokta. Mi ni mdada wa miaka 24. Toka niko sekondari huwa nawashwa mwili mzima, usiku silali, baada ya wiki mbili hivi macho yanakuwa ya njano, mkojo kama kokakola, choo cheupe kama majivu. Inakaa miezi miwili inaisha yenyewe nakuwa mzima kabisa. Imeshanirudia mara nne, mara ya mwisho nilikuwa ndo nimeanza vidonge vya majira. Hepataitisi B na C sina, ultrasaundi safi. Bibi anasema nimetupiwa kitu. Ni nini?

JIBU: Marahaba mwanangu. Bibi tumwache kwanza. Kuwashwa kabla ya njano, halafu kupona kabisa katikati, hapo nahisi BRIC, yaani nyongo kukwama ndani ya ini kwa kujirudia, ni nadra mno, ilielezwa na madaktari Summerskill na Walshe mwaka 1959. Mirija mikubwa iko wazi ndo maana ultrasaundi haikuona kitu, shida iko kwenye seli zenyewe za ini. Zina pampu ya kusukuma chumvi za nyongo nje, pampu hiyo inatengenezwa na jeni ya ABCB11, na nyingine ATP8B1 inaweka sawa utando wa seli ambamo pampu imekaa. Ukirithi kopi mbovu kwa baba na kwa mama pampu inafanya kazi lakini kwa kuchechemea, wao wazazi kopi moja moja haiwasumbui, kwa hiyo usishangae nyumbani hakuna mwingine.

Sasa pampu dhaifu ikipata kishindo ndo inagoma: homa ya maambukizi, mimba, au vidonge vyenye homoni ya estrojeni kama hivyo vyako. Vidonge havijakupa ugonjwa, vimeuamsha tu. Acha, omba njia isiyo na homoni, lupu ya shaba kwa mfano.

Kwa kawaida ini haliharibiki, ila wachache hali huendelea kuwa mbaya kwa hiyo lazima ufuatiliwe. Kuna rifampisini, ndiyo hiyo hiyo ya TB, inapunguza muwasho, lakini usijinunulie dukani maana yenyewe inaweza kuumiza ini. Na mitishamba weka pembeni.

Muwasho ukirudi tu nenda siku hiyo hiyo wakupime bilirubini (ile rangi ya njano ya nyongo kwenye damu) na GGT (kimeng'enya cha ini), bilirubini juu huku GGT iko kawaida ndo inatupa picha, ukisubiri mpaka upoe vipimo vitakuja safi na utarudishwa nyumbani tena.