Kashata ya chokoleti, na tone la maji lililoniaibisha

Juzi msomaji mmoja kaniandikia: "Dada, chokoleti yangu imekakamaa jikoni, niiongeze maji?" Nilicheka, halafu nikanyamaza. Nilikumbuka Idi ya mwaka juzi.

Nilikuwa nimewaahidi mawifi zangu kitu kipya. Nikavunjavunja gramu 400 za chokoleti nyeusi, nikaziweka kwenye bakuli juu ya sufuria ya maji yanayochemka, kisha, kwa haraka zangu, nikafunika na sahani. Mvuke ukageuka matone chini ya sahani, yakadondokea ndani. Nilipokoroga, chokoleti ikajivuta, ikawa chengachenga, mwiko hauendi. Wifi mkubwa akachungulia: "Hii samadi umeitoa wapi?" Nyumba nzima ikacheka, nami nikacheka nao. Neno lile bado linaniuma, na najua huwa anasoma hapa.

Jamani, chokoleti ni sukari na unga wa kakao ndani ya mafuta. Tone moja la maji likiingia, sukari inalowa na kushikana. Ikishafika hapo tia maziwa ya moto, unywe. Kuwa kashata haitakuwa tena.

Sasa nafanya hivi. Gramu 200, theluthi mbili kwanza. Maji yakichemka nazima moto, na bakuli haliguswi na maji. Kila kitu kikavu, hata mikono! Ikiyeyuka naitoa, natia theluthi iliyobaki, nakoroga taratibu ipoe. Kipimajoto sina. Nagusisha tone chini ya mdomo. Likiwa baridi kidogo kuliko ngozi, tayari. Ukiruka hapo itaganda na mabaka meupe. Na Dar hii, Februari mchana joto linapita nyuzi 30, chumba chenyewe kinakugomea, kwa hiyo mimi hufanya alfajiri.

Namimina kwenye karatasi ya kuokea, naitandaza nyembamba, narushia korosho zilizokaangwa na kupoa kabisa, nazi kavu, chembe za chumvi, na unga wa ubuyu kidogo kwa ule ukali wake. Embe bichi usithubutu, lina maji. Friji dakika 20, kisha navunja kwa mikono.

Ukinunua, soma karatasi ya nyuma. Kama imeandikwa mafuta ya mboga badala ya siagi ya kakao, itaganda bila tabu zote hizo, ila inabaki kinywani kama mshumaa. Tuna kakao Kyela, ndugu zangu, tujifunze kula kizuri. Na tuache papara! Wanawake tunaungua vidole kwa kutaka kusifiwa mapema, mimi wa kwanza.

Idi ya mwaka huu nimeuza pakiti 24. Jana wifi yule yule katuma ujumbe, anataka pakiti sita za arusi ya mwanawe. Nimemtajia bei ile ile ya wengine, na alipe kabla.