Kabla ya kuomba msaada, jua mgonjwa mmoja anagharimu kiasi gani

Juzi msomaji ameniandikia: "Kaka, unathubutuje kutaja faida mbele ya watu wasiomudu hata dawa ya maumivu?"

Swali hilo nimewahi kutupiwa kikaoni, tena kwa kebehi, na mfadhili nisiyetaka kumtaja. Alilisukuma pembeni daftari langu la hesabu, akasema huduma kwa maskini si duka. Bado inaniuma. Mradi aliotutabiria kifo leo unajilipia sehemu kubwa ya gharama zake, na sioni haya kujisifu.

Jibu langu huwa hospitali ya Aravind. Mwaka 1976, Madurai, India, Dkt. Govindappa Venkataswamy, mstaafu wa serikali, alianzisha hospitali ya macho yenye vitanda 11. Huruma alikuwa nayo, lakini wenye huruma tuko wengi. Angalia mpangilio: daktari ana meza mbili za upasuaji, akimaliza mtoto wa jicho wa huyu, anamgeukia mwingine ambaye wauguzi wameshamwandaa. Mabinti wa vijijini hufunzwa kazi zisizomhitaji daktari. Wenye uwezo hulipa, na fedha yao huwabeba wasio nacho. Lenzi za kupandikiza zilikuwa ghali mno, basi mwaka 1992 wakafungua kiwanda chao, Aurolab, wakazitengeneza kwa bei ya chini kabisa.

Kwa hiyo, ndugu yangu, kabla hujaandika andiko la mradi, kokotoa gharama ya mgonjwa mmoja tangu anapoandikishwa hadi anapoondoka. Bajeti ya mwaka inaficha mengi. Ukishuka kwa mgonjwa mmoja utaziona dawa zinazoharibika stoo na muuguzi anayejaza fomu tatu zenye maelezo yaleyale. Sisi tulianza na hizo fomu.

Ila usikimbilie kumtoza kila mtu. Wapo wanaoshikilia kwamba cha bure hakithaminiwi. Wanauchumi Jessica Cohen na Pascaline Dupas walilipima hilo nchini Kenya kwa vyandarua vya wajawazito: bei ndogo tu iliwafukuza wengi, na walionunua hawakuvitumia zaidi ya waliopewa. Kinga itolewe bure, basi. Mwenye nafasi mtoze kwa chumba kizuri, daktari awe yuleyule.

Acheni kuona kikokotoo ni dhambi! Nitumie hesabu zako tuzipitie pamoja. Ukinitumia picha za watoto wanaolia badala ya hesabu, sitajibu.