Usinunue machipukizi ya saikadi kutoka kisiki kimoja

Ndugu uliyeko Kasulu, umeuliza sifa za kibotania za Cycas revoluta, saikadi ya mapambo yenye umbo kama mchikichi mdogo, na iwapo machipukizi unayouziwa Ujiji kutoka kisiki kimoja, yaani shina moja mzazi, yatakupa shamba la mbegu. Hayatakupa. Usilipe.

Saikadi hii ina mimea dume na mimea jike, kila mmoja kwa shina lake, na chipukizi linalobanduliwa ubavuni mwa shina ni mwili ule ule wa mzazi wake, kwa hiyo hurithi jinsia ile ile. Mimi niliuziwa machipukizi ya kisiki kimoja hapa Kigoma na muuza miche aliyeapa kwamba yenye kitako kinene ni majike na membamba ni madume, akanichagulia mchanganyiko kwa mkono wake mwenyewe, kisha akanionyesha kopo la mbegu nyekundu alizodai zimetoka kwenye kisiki hicho hicho. Niliyahudumia kwa miaka mingi, maana mmea huu hukua polepole mno na mara nyingi hupita zaidi ya miaka 10 kabla haujaonyesha jinsia yake, hadi koni (viungo vya uzazi) zilipoanza kuchomoza katikati ya majani, ndefu, zimesimama wima, zenye rangi ya manjano iliyofifia. Yote yalikuwa madume. Kisiki alichokiita mama kilikuwa baba, na ua wangu ukawa bweni la wavulana. Ninacheka kwa sababu fedha ile, ambayo ingeninunulia wavu mpya wa dagaa, hairudi kwa kulia. Yule bwana angali anauza, na bado anapapasa vitako vya miche mbele ya wateja bila haya.

Hakuna unene wa kitako, urefu wa jani wala idadi ya miiba itakayokuambia jinsia kabla mmea haujatoa viungo vyake vya uzazi. Jike la Cycas halitoi koni. Hutoa kichwa cha majani mafupi yaliyochanika ncha, yenye manyoya ya hudhurungi, na mbegu hukaa wazi kwenye kingo za vikonyo vya majani hayo bila tunda la kuzifunika. Hapo ndipo inapotengana na mchikichi, ingawa kwa mbali umbo lake humdanganya mtu wa Kigoma.

Asiyesadiki na atazame habari za Encephalartos woodii, saikadi iliyopatikana mwaka 1895 katika msitu wa Ngoye, Afrika Kusini. Kisiki pekee kilichojulikana porini kilikuwa dume. Mimea yote ya aina hiyo iliyopo leo katika bustani za dunia imetokana na machipukizi yake, nayo yote ni madume. Jike limetafutwa tangu enzi hizo halijaonekana. Labda wangemwita bwana wetu akawapapasie vitako.

Na lile kopo la mbegu nyekundu si ushahidi wa chochote. Chavua ikilifikia jike, chavua hiyo hutoa chembe za uzazi za kiume zinazoogelea hadi kwenye yai, jambo ambalo Mjapani Seiichiro Ikeno alilibaini kwenye mmea huu huu mwaka 1896. Lakini pasipo dume la karibu, au mkono wa mtu wa kupeleka chavua, mbegu za jike huweza kuvimba na kupata rangi ilhali ndani hamna kiinitete.

Kuhusu jani, sifa ya kukumbuka ni moja: kila kijani chembamba, yaani kijijani kilichopangwa ubavuni mwa jani kubwa, kina mshipa mmoja tu wa kati, na kingo zake zimejikunja kwa chini. Ukiona mishipa mingi iliyokwenda sambamba, hiyo si Cycas; huenda ni Encephalartos, kundi jingine la saikadi, kama ile delucanus ya kule Mpanda, na biashara ya kimataifa ya kundi hilo lote imebanwa na CITES, mkataba wa biashara ya viumbe walio hatarini, katika Kiambatisho cha I, orodha yake kali kuliko zote, kwa hiyo usikubali kuuziwa iliyong'olewa porini.

Kama umekwisha kutoa malipo ya awali, mwombe muuzaji akuonyeshe kisiki chenyewe kikiwa na koni au na kichwa cha mbegu, uchukue machipukizi machache tu kwake, na mengine uyatafute kwenye kisiki cha jinsia ya pili ambacho umekiona kwa macho yako mwenyewe. Akisema msimu wa koni bado, subiri msimu.