Top Gear bila Clarkson: kipindi cha magari kinaweza kubadilisha watangazaji kikabaki hai?

Mkuu uliyeuliza kama Top Gear ingeweza kuishi baada ya watangazaji wake maarufu watatu, Jeremy Clarkson, Richard Hammond na James May: ilishawahi kuishi bila wao, tena miaka mingi. Wengi wetu huku tuliikuta wakiwepo tukadhani ndio walioizaa. BBC ilianza kuirusha 1977 kutoka Birmingham, na mmoja wa watangazaji wa mwanzo kabisa alikuwa mwanamke, Angela Rippon. Clarkson aliingia 1988, kipindi kina miaka 11. Alipoondoka 1999 kikadorora mpaka kikafungwa 2001, halafu 2002 yeye na mtayarishaji Andy Wilman wakakiunda upya pale uwanja wa ndege wa Dunsfold. Hata May hakuwemo kwenye msimu ule. Kiti kilikuwa cha Jason Dawe.

Kwa hiyo mtangazaji anabadilishika. Shida inaanza pale mgeni anapovalishwa shati la aliyeondoka, na hilo mimi nimelishuhudia nikiwa nimekaa hatua moja tu pembeni.

Mimi ni fundi wa magari. Kwa miaka sita nilikuwa nakwenda kila Jumamosi asubuhi kwenye redio moja ya mkoani kujibu maswali ya wasikilizaji: gari inachemsha, gari inakula oili, gia inagoma kuingia. Mtangazaji wetu alikuwa mcheshi, kicheko chake tu kilitosha kumfanya mtu apige simu. Alipohamia Dar akaletwa dada mmoja mpole, makini. Wakubwa wakampa salamu zilezile, utani uleule, na kicheko wakamwambia ajitahidi. Nilikuwa naona vidole vyake vinavyobana karatasi kila anapokaribia sehemu ya kucheka. Simu zikakauka. Kuna Jumamosi tulikaa saa nzima tukapokea mbili.

Ndipo siku moja akapiga mzee, Noah yake inachemsha akipanda mlima tu. Dada akaiacha karatasi. Akaanza kumuuliza mwenyewe: feni inawaka? Maji unaongeza kila baada ya siku ngapi? Thamostati ipo au fundi aliing'oa? Mara ya mwisho rejeta imesafishwa lini? Dakika kumi nzima, mimi sijafungua mdomo. Kumbe baba yake alikuwa dereva wa lori, amekulia kwenye kabini. Tangu siku ile wakamwachia aendeshe anavyojua, na simu zikarudi, safari hii wakiwemo akina mama wengi ambao zamani hatukuwasikia.

Sasa angalia 2016. Clarkson alikuwa ameondolewa Machi 2015 baada ya kumpiga mtayarishaji wake, wenzake wawili wakamfuata. BBC ikamleta Chris Evans wa redio na Matt LeBlanc, mwigizaji wa Marekani, kisha ikawaongezea Chris Harris, Rory Reid, Sabine Schmitz na Eddie Jordan. Watu sita wasiozoeana, wakaingizwa kwenye jukwaa lilelile la Dunsfold, Stig yuleyule (dereva wao wa majaribio asiyevua kofia wala kusema), safari za mashindano zilezile. Evans anapenda magari kwelikweli, Ferrari zake zinajulikana, ila pale jukwaani alikuwa anapaza sauti kama mtu anayejaza nafasi za watu watatu. Sehemu ya kwanza ilitazamwa na watu milioni 4.4 Uingereza, ya mwisho milioni 1.9. Tarehe 4 Julai akaachia ngazi. Mimi simlaumu. Nilikuwa namtazama naona vile vidole vya dada yetu.

Mwaka uliofuata wakabaki LeBlanc, Harris na Reid, kikatulia. Lakini kilisimama imara 2019, walipokuja Andrew Flintoff, yule mchezaji kriketi, na Paddy McGuinness, mchekeshaji. Wote wawili ni watoto wa Lancashire, kaskazini mwa Uingereza, utani wao ni wa watu wa mtaa mmoja, na hawakumuiga Clarkson hata kidogo. Harris ndiye aliyekuwa anajua gari inataka nini kwenye kona. Mwaka 2020 BBC ikawahamishia kwenye chaneli yake kubwa, BBC One.

Kuna sehemu moja ya 2021, kila mmoja anaendesha gari la aina aliyokuwa nayo baba yake, wanaongea habari za wazee wao. Baba yangu alikuwa na Peugeot 504 pickup, gia yake iko kwenye usukani, na nikiwa mdogo alikuwa ananishika mkono juu ya mkono tuingize ya tatu pamoja. Nilisimamisha ile video nikatoka nje kwanza. Clarkson nampenda mpaka leo, lakini hajawahi kunifanyia hivyo.

Kwa hiyo anayesema watangazaji wapya ndio walioiua Top Gear hasemi kweli. Desemba 2022 Flintoff alipata ajali mbaya pale Dunsfold wakiwa kazini, akaumia vibaya usoni, na Novemba 2023 BBC ikatangaza kukipumzisha kipindi. Flintoff, McGuinness na Harris walikuwa wameshakifanya chao.

Mkuu, kama baada ya 2015 uliacha kutazama, hiyo ya magari ya akina baba ndiyo uanze nayo.