Plethora: neno lililotoka kwenye mshipa wa damu

Majuma mawili yaliyopita, nikimjibu kijana aliyeuliza kuhusu barua za kuomba kazi, niligusia kwamba neno la Kiingereza plethora lilianza maisha yake likiwa jina la ugonjwa. Ilikuwa sentensi moja tu. Barua zilizokuja baada ya hapo zimenifurahisha mno, na leo nimeziacha habari nyingine zote zisubiri.

Mwalimu wa sekondari, Tabora: Shikamoo mwalimu. Ugonjwa gani huo? Nina kamusi mbili mezani na zote zinasema "wingi".

Marahaba. Kamusi zako hazijakosea, zinakupa maana ya leo. Katikati ya karne ya 16, neno hili lilipoingia katika Kiingereza likitokea kwenye Kilatini cha matabibu, lilimaanisha mwili uliojaa kupita kiasi, na hasa uliojaa damu.

Ili uelewe, rudi kwenye tiba ya kale. Matabibu wa Ugiriki na Roma waliamini kwamba mwili una majimaji manne: damu, kohozi, nyongo ya njano na nyongo nyeusi. Afya ni vinne hivyo kukaa kwa kipimo. Damu ikizidi, hiyo ndiyo plethora. Mgonjwa wake alitambulika kwa macho: uso mwekundu, mishipa iliyotuna, mapigo mazito chini ya kidole, kichwa kizito, usingizi kila baada ya kula. Mara nyingi alikuwa mtu anayekula vizuri na kukaa kitako.

Tiba yake sasa. Tabibu alimfunga mgonjwa kitambaa juu ya kiwiko mpaka mshipa ukasimama, akauchanja kwa kisu kidogo, damu ikakingwa kwenye bakuli. Wengine hawakuacha mpaka mgonjwa azimie, na kuzimia huko kulihesabiwa kuwa dalili njema.

Hawakukubaliana wote. Erasistratus, tabibu wa Kigiriki wa karne ya 3 kabla ya Kristo, naye aliamini kwamba magonjwa mengi huletwa na damu kujaa mno, ila yeye alimpunguzia mgonjwa chakula. Zaidi ya miaka 400 baadaye, tabibu mwingine wa Kigiriki, Galen wa Pergamon, alifika Roma akawakuta wafuasi wa mzee huyo bado wanakataa kutoa damu, akawaandama kwa vitabu. Galen ndiye aliyesikilizwa, na dunia ikalipa gharama kwa karne nyingi. Mwezi wa Desemba 1799, George Washington, rais wa kwanza wa Marekani, alivimba koo. Ndani ya siku moja madaktari walimtoa damu mara kadhaa, jumla yake zaidi ya lita 2. Usiku wa tarehe 14 alifariki.

Kila nikilikuta neno plethora kwenye tangazo la hoteli huliona bakuli lile.

Mwanafunzi wa chuo, Kampala: Na kabla ya matabibu je? Wagiriki wa kawaida walilitumiaje?

Swali zuri kuliko unavyodhani, kwa sababu kabla ya matabibu neno halikuwa na ubaya wowote. Wagiriki walikuwa na usemi wa "soko kujaa", na kwao huo ulikuwa wakati wa siku, kama sisi tunavyosema jua la utosi: ni ile asubuhi ambayo jua limekwisha kupanda na watu wamekwisha kufika sokoni. Mwanahistoria Herodotus anasimulia asubuhi ya mwisho ya vita vya Thermopylae, mwaka 480 kabla ya Kristo. Mfalme Xerxes wa Uajemi alimimina sadaka jua lilipochomoza, kisha akangoja mpaka soko kujaa ndipo akashambulia. Neno la "kujaa" alilolitumia Herodotus ndilo hili hili letu.

Kwa hiyo mwanzo wake ni kujaa tu. Mzizi wake wa mbali ndio uliowazaa pia full, plenty na plus. Ni matabibu waliolichukua neno la kujaa wakalitia "mno" ndani yake.

Msomaji, Mombasa: Babu yangu alikuwa akipigwa chuku kila akiumwa mgongo. Je, ndiyo tiba hiyo hiyo ya Wazungu?

Si hiyo hiyo, ila ni ndugu. Wenzetu walifungua mshipa. Kwenye chuku, mwumishi huchanja ngozi kwa wembe, huweka pembe ya ng'ombe iliyokatwa ncha, huvuta hewa kwa mdomo kupitia tundu dogo, kisha huliziba kwa nta. Damu inayotoka ni ya juu juu, na ni kidogo ukilinganisha na bakuli lile.

Lakini umenigusia jambo ninalolipenda kuliko yote katika habari hii. Leo tukisema fulani anapiga chuku, tunamaanisha nini? Kwamba anatia chumvi, anaikuza habari kuliko ilivyo. Tazama basi. Kiingereza kimechukua neno kutoka kwenye tiba ya damu kikalifanya jina la kuzidi. Kiswahili nacho, bila kuuliza mtu, kimechukua chombo cha tiba ya damu kikakifanya jina la kuzidisha maneno. Mimi mfano wetu nauona hivi: pembe ikishavutwa, nyama iliyo chini yake huinuka ikavimba, ikaonekana kubwa kuliko nyama ya jirani yake. Ndivyo inavyokuwa habari kwenye mdomo wa mpiga chuku.

Muulize babu kama yupo. Akikuonyesha makovu, yatazame vizuri, hapo unatazama asili ya neno.

Muuguzi, Eldoret: Kazini kwetu neno hili bado tunaliandika kwenye faili, na si kwa maana ya "nyingi". Mbona hukusema?

Nilipaswa kusema, na nashukuru umenirekebisha. Hospitalini neno limebaki na maana yake ya kwanza. Mtoto mchanga aliyezaliwa na damu nzito, seli nyekundu zikiwa zaidi ya asilimia 65 ya damu yake, huandikwa kwa neno hili kwa sababu ya wekundu wake, ambao kwa watoto wetu huonekana zaidi viganjani, nyayoni na kwenye fizi. Na kwa watu wazima kuna ugonjwa wa polisithemia vera, ambapo uboho hutengeneza seli nyekundu kupita kiasi. Hao hadi leo hutolewa damu mshipani, kwa kipimo, ili kiwango hicho kisivuke asilimia 45. Galen hakukosea kwa kila mgonjwa. Alikosea kwa kudhani kila mgonjwa ni huyo.

Msomaji, Dodoma: Linatamkwaje?

Mkazo uko mwanzoni: PLE, kisha mengine yanafuata haraka, na ile th ni ya thelathini. Sisi kwa mazoea yetu hukaza silabi ya pili kutoka mwisho, ikawa ple-THO-ra. Kwa Kiingereza cha leo si sahihi. Ila usione haya sana, Wagiriki wenyewe hadi sasa hukaza hapo hapo unapokaza wewe.

Mwanahabari, Nairobi: Ubaya wake uliondokaje?

Polepole. Kufikia mwaka 1700 hivi, waandishi wa Kiingereza walikuwa wamekwisha kulitoa mwilini na kulitumia kwa vitu visivyo na damu. Hata hivyo lilibaki lalamiko. Aliyelitumia alikuwa anasema: vimezidi, vipunguzwe.

Kisha tiba yenyewe ikafa. Mwaka 1835, huko Paris, daktari Pierre Louis alichapisha kazi ambayo kwa wakati wake ilikuwa ya ujasiri: aliwapanga wagonjwa wa homa ya mapafu kwa hesabu, waliotolewa damu mapema upande huu na waliocheleweshwa upande ule, akaona faida ya kutoa damu ni ndogo mno kuliko ilivyosifiwa. Kutoa damu hakukukoma siku hiyo, miongo mingi ilipita, lakini nguzo ilikwisha kutikisika. Neno likabaki bila mgonjwa wake. Mtu aliyezaliwa baadaye, asiyewahi kuona mshipa ukifunguliwa, alisikia tu neno zuri, refu kidogo, linalofanana na plenty, akaliweka mahali pa "nyingi". Hivyo ndivyo ninavyolielewa jambo hili, na siwalaumu. Ninachosikitikia ni kwamba Kiingereza kimepoteza neno moja la kuonya kikapata lingine la kusifia, ambalo kilikuwa nalo tayari.

Mfasiri, Dar es Salaam: Nitalifasiri vipi? Nimeandika "wingi" na mhariri wangu amelikataa.

Mhariri wako ana haki. Kwanza jiulize mwandishi analalamika au anasifu. Akisifu, una utajiri mbele yako: tele, lukuki, kedekede, maridhawa, chungu nzima, na kibao kwa lugha ya mtaani. Akilalamika, tunalo neno linaloingia kama mguu kwenye kiatu chake. Ni utitiri.

Soma magazeti ya Tanzania: utitiri wa kodi, utitiri wa tozo, utitiri wa vyama. Hakuna anayesema hivyo akifurahi. Na sababu naijua kwa ngozi yangu. Nikiwa na miaka kama minane nilitumwa kutoa mayai mawili chini ya kuku aliyekuwa akiatamia. Niliingiza mkono taratibu, kuku akavimba manyoya, sikuona chochote cha ajabu. Nilipoutoa, vinyweleo vya mkono wangu vilikuwa vinatembea. Vidudu vidogo kama vumbi la pilipili, vingine vyekundu kwa damu, vinapanda kuelekea kwapani. Hakuna kimoja kilichouma sana. Kilichonitisha ni kwamba nilipofuta mia, mia nyingine zilikuwa zinakuja. Mama alichoma nyasi zote za kiota, akamwaga majivu bandani, na kuku yule hakuyarudia mayai yake tena.

Huo ndio utitiri wenyewe. Ndiyo maana mwenye duka akisema utitiri wa tozo hana haja ya kuongeza "mno" wala "kupita kiasi". Tozo moja moja ni ndogo, zote pamoja zinamfanya aache mayai. Nakusihi ulitumie, na ulitumie mahali pake tu, kwa maana siku hizi nasikia watu wakisema utitiri wa vipaji, na hapo moyo wangu huruka. Wanaosema hivyo hawajawahi kuingiza mkono chini ya kuku, kama wale Waingereza wasioliona bakuli.

Mwanafunzi wa madrasa, Zanzibar: Na kukithiri je, halifai?

Linafaa sana, nalo lina jambo la kulitafakari. Mzizi wake ni wa Kiarabu, wa kuwa kingi. Katika Qurani mzizi huo huo mmoja umezaa majina ya sura mbili zinazotazamana. At-Takathur, sura ya 102, inawakemea watu walioshughulishwa na kushindana kwa wingi mpaka wakayafikia makaburi. Al-Kawthar, sura ya 108, inamtajia Mtume wingi wa kheri aliopewa. Wingi ule ule, mmoja ni aibu na mwingine ni neema.

Kiswahili kimeelemea upande mmoja. Tunasema wizi umekithiri, ajali zimekithiri, rushwa imekithiri. Sikumbuki lini nilisikia kwamba mvua njema imekithiri. Kwa hiyo kwa plethora ya lalamiko, hasa ya matendo, kukithiri ni chaguo zuri. Kwa vitu vinavyohesabika mmoja mmoja, bado mimi niko na utitiri.

Mwombaji kazi, Mwanza: Nimeandika kwenye barua yangu ya Kiingereza kwamba nina plethora ya ujuzi. Niliondoe?

Liondoe. Si kosa tena kwa Kiingereza cha leo, na wengi wataipita sentensi hiyo bila kuinua macho. Lakini msomaji mmoja mwenye umri wangu anaweza kusoma kwamba ujuzi umekuzidi, na hata asiyelijua neno hatajua unaweza kufanya nini. Mahali pake andika vitu vitatu unavyovijua: umeandika kwamba umewahi kutunza hesabu za duka la jumla, taja hizo hesabu, taja miaka uliyozitunza, na taja programu uliyotumia. Barua nitumie kabla ya Ijumaa, nitaisoma.